Uzi maalumu: Vuli ya Ulaya na watoto wadogo ndani ya nyumba

#1 ShangaziKolni

Habari zenu wadau. Septemba ikishaisha maswali huku huwa yaleyale: madirisha yanalia maji asubuhi, kuvu imechungulia nyuma ya kabati, mtoto kamasi haikatiki, chekechea wanadai suruali ya matope. Tuyaweke pamoja, kila mtu ashushe anachokijua. Hadithi za "mimi na wanangu" tuzipeleke jukwaa la mahusiano, hapa twende na vipimo.

Naanza na unyevu, maana wengi tunapigana na baridi wakati anayetuumiza ni huyu.

Hewa yenye joto hubeba maji mengi, ikipoa huyatema. Chumba cha nyuzi 20 chenye unyevu wa asilimia 60 kitatema maji kwenye sehemu yoyote ya ukuta iliyoshuka hadi nyuzi 12, na sehemu hizo zipo: kona za ukuta wa nje, nyuma ya kabati, pembeni mwa fremu ya dirisha. Kuvu nayo haingoji maji yachuruzike, inatosha ukuta ukae na ubichi siku kadhaa. Nunua kipima unyevu, hata cha bei rahisi kinafaa, kiweke mbali na hita na dirisha. Kisome asubuhi kabla hujafungua chochote. Lengo ni asilimia 40 hadi 60.

Maji yenyewe yanatoka kwetu. Kilo 5 za nguo zilizokamuliwa na mashine kwa mizunguko 1400 bado zina kama lita 2 na nusu za maji, na zikianikwa sebuleni yote yanaishia hewani. Ongeza sufuria ya maharage inayotokota bila mfuniko, watoto wanaoogeshwa jioni, na pumzi za watu wanne usiku kucha.

Kupitisha hewa ni hivi: funga hita, fungua dirisha WAZI kabisa, na la upande wa pili ikiwezekana ili upepo ukatize. Oktoba isiyo kali dakika 10 hadi 15, ikikaribia sifuri dakika 5 zinatosha. Mara tatu kwa siku: mkiamka, mkirudi, kabla ya kulala. Kosa kubwa la huku ni lile dirisha la kuinamishwa kwa juu kushinda hivyo kutwa. Hewa inabadilika kidogo sana, lakini ukuta unaozunguka fremu unapoa, na jioni mkipika maji yanakimbilia hapohapo. Kuvu ikianzia juu ya dirisha, mara nyingi sababu ni hiyo.

Mvua ikinyesha fungua vilevile. Hewa ya nje ya nyuzi 8, hata ikiwa imeshiba maji, ikiingia ndani na kupashwa hadi nyuzi 20 unyevu wake unashuka chini ya asilimia 50.

#2 Mmakonde_Bonn

Shangazi, na mwenye kichanga? Mama mkwe akiona dirisha wazi Novemba anapiga simu Mtwara kutangaza msiba.

#3 NesiTanga

Mwambie mama kwa heshima zote kwamba nimonia inaletwa na vijidudu, na vijidudu vinapendana na chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Mtoto ahamishwe chumba kingine, mlango ufungwe, dakika 5 hadi 10, kisha arudishwe chumba kikishapata joto. Kuta na samani hazijapoa kwa muda huo mfupi, joto linarudi upesi.

#4 FundiBomba

Kwenye hita kuna imani moja inaunguza hela za watu: kwamba ukizungusha hadi 5 chumba kitapata moto haraka. Si kweli. Ile namba haipimi nguvu ya moto, ni joto la chumba unaloliomba. Kwa vali za kawaida (kile kifundo chenye namba) 2 ni karibu nyuzi 16, 3 ni karibu 20, 4 ni karibu 24, na vile vistari vya katikati ni kama nyuzi moja moja. Ukiweka 3 au 5 hita inatoa moto uleule, tofauti ni kwamba kwenye 5 haitasimama mpaka mtoto aloe jasho. Ndiyo maana shangazi kasema ifungwe kabla ya kufungua dirisha: vali ikipigwa na hewa baridi inadhani chumba kizima kimepoa, inafungulia maji yote ya moto na joto linaishia nje. Pazia refu au sofa mbele ya hita vinaidanganya kinyume, inahisi joto lake yenyewe na kuzima huku chumba kikiwa baridi.

Hita juu baridi, chini moto, inaguguma kama tumbo la njaa: ina hewa. Kuitoa:

Zima joto, acha hita ipoe na maji yatulie. Chukua ufunguo wake mdogo wenye tundu la mraba, tafuta kichwa cha kuingiza juu pembeni, upande usio na namba. Weka kikombe na kitambaa chini, maji yake ni meusi na yanachafua zulia. Zungusha kinyume na saa, robo tu, isizidi nusu. Itapiga mluzi. Mluzi ukiisha na maji yakaanza kutoka mfululizo, funga. Usilazimishe, kale kaskrubu kakichomoka kote utaosha nyumba. Watoto wawe chumba kingine.

Ukimaliza angalia geji ya presha. Kwa boila (mashine inayopasha maji ya hita) la ndani ya nyumba, kama yale ya Uingereza, likiwa limepoa lisome bar 1 hadi 1.5. Mkiwa ghorofani na joto la pamoja hiyo ni kazi ya msimamizi wa jengo, mpe taarifa kwamba umetoa hewa. Na ikiwa ni kinyume, juu moto chini baridi, hiyo ni tope ndani, ufunguo hausaidii.

Kuhusu kuvu. Siki watu wanaisifu sana lakini kwenye ukuta wa plasta ya chokaa inajiharibia: chokaa inaua ukali wake na mabaki yanakuwa chakula cha kuvu. Doa dogo, chini ya nusu mita ya mraba, pangusa kwa spiriti ya asilimia 70 hadi 80, glovu mkononi, dirisha wazi, pasiwe na moto wala sigara, tumia kidogo kidogo. Usikwangue ikiwa kavu, unarusha vumbi lake hewani. Ikizidi ukubwa huo, au ikirudi, piga picha pamoja na kipima unyevu na umwandikie mwenye nyumba. Kuandika, si kumwambia kwenye ngazi.

Kabati la ukuta wa nje livute sentimita 5 hadi 10. Kitanda cha mtoto kisiegeshwe huko kabisa.

#5 Ukhty_Leeds

Nyongeza ya kulala. Kwa kichanga ushauri wa Uingereza ni chumba cha nyuzi 16 hadi 20. Wengi wetu tukiona 18 tunaongeza blanketi, kofia na soksi mbili. Kofia ndani ya nyumba wakati wa kulala hapana, mtoto mchanga hupunguzia joto kichwani. Joto kupita kiasi ni moja ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya usingizini.

Begi la kulalia lina namba ya tog, yaani kipimo cha jinsi linavyotunza joto. Kwa nyuzi 16 hadi 20 ni tog 2.5 na pajama ya mikono mirefu ndani. Chumba kikifika 21 au zaidi shuka tog 1. Begi likiwa na tog 2.5 halifunikwi duveti juu. Tundu la shingo lisiwe pana kiasi cha kichwa kuzama ndani, usinunue la kukulia.

Kupima usiguse mikono wala miguu, hiyo huwa baridi na haina neno. Ingiza vidole viwili kisogoni au kifuani. Kukiwa na jasho au joto la mvuke, toa nguo moja.

#6 Kibwebwe

Naomba kuuliza. Mzazi anatoka hospitali wiki hii na bibi amekuja kutoka Lamu kumkanda. Anataka jiko dogo la mkaa chumbani. Nyumba ni ya ghorofa, madirisha ya vioo viwili. Tukifungua dirisha kidogo si itatosha?

#7 NesiTanga

Haitoshi. Dada Kibwebwe, hapa sitaki tuzungushane.

Mkaa ukiwaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na mkaa uliokolea usiotoa moshi ndio unaodanganya watu. Nyumba ya pwani ina dari refu, madirisha ya mbao, hewa inapita hata ukifunga. Nyumba ya huku imezibwa kwa mpira kila upenyo ili joto lisitoke. Jiko lilelile, chumba kingine kabisa. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi mzito, na mtu anadhani ni uchovu wa uzazi. Kichanga hawezi hata kulalamika.

King'ora cha moshi cha darini hakihisi gesi hii. Kuna king'ora chake, na kwa nyumba yenye boila la gesi au jiko la kuni kinahitajika kwa vyovyote. Watu wawili ndani ya nyumba wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje wote kwanza halafu pigeni 112.

Bibi akande kwa maji ya moto na taulo, bafuni. Apewe chupa ya mpira ya maji moto iliyovishwa kitambaa, kwa mama, si kwa mtoto. Heshima yake itabaki palepale. Na chetezo cha udi kiwashwe asipokuwepo mtoto, dirisha wazi, kipande kidogo, kisha majivu yatoke nje baada ya kuzimwa kwa maji.

#8 Kibwebwe

Nimeelewa nesi, asante. Nitamwambia bibi ni amri ya hospitali.

#9 Mmakonde_Bonn

Twendeni kwenye mavazi. Chekechea wanataka "Matschhose", nimeona dukani zina bei tofauti kama mbingu na ardhi.

#10 MwalimuWaChekechea

Matschhose ni ovaroli la mvua lenye kanda za mabegani. Angalia vitu vitatu, bei baadaye: mishono iwe imeunganishwa kwa joto (ukiigeuza utaona utepe laini juu ya mshono au mshono usio na matundu ya sindano), kanda zirefushike, na chini kuwe na mpira wa kupita chini ya kiatu. Suruali inavaliwa JUU ya gambuti. Mzazi anayeichomeka ndani ya gambuti anamjengea mtoto ndoo mbili za maji.

Haina joto. Ni plastiki tu. Ndani yake Septemba inatosha taiti, Novemba suruali ya flisi au ya sufu. Ya jinzi hapana, na pamba nzito hapana: pamba inanyonya jasho na kukaa nalo, mtoto akisimama kidogo anapoa kutoka ndani. Tabaka la mwilini likiwa la sufu laini ya merino au kitambaa cha michezo, la kati flisi, la nje la kuzuia maji, umemaliza. Tabaka tatu nyembamba zinashinda jaketi moja nene, kwa sababu ndani ya darasa tunaweza kuvua moja.

Kufua: tope likauke, lipigwe brashi, kisha lipanguswe kwa maji. Mashine mara moja moja kwa nyuzi 30 hadi 40, bila kilainishi nguo, kinaharibu ule uwezo wa kusukuma maji. Mashine ya kukaushia usiiguse.

Gambuti liwe na nafasi ya kama milimita 12 mbele ya kidole gumba. Pima kwa kukata karatasi ngumu yenye umbo la unyayo, ongeza hizo milimita, ingiza ndani ya kiatu. Kubonyeza kwa kidole mbele ya kiatu hakuaminiki, watoto hukunja vidole. Gambuti la mpira halina joto, weka soli ya sufu, na uitoe kila jioni ikauke. Gazeti lililofinyangwa ndani ya kiatu hukausha kuliko kukiweka juu ya hita, huko gundi inaachia.

Mpangilio wa asubuhi ndio unaookoa kelele: choo kwanza. Halafu wewe mzazi uvae, ndipo mtoto. Soksi, taiti, flisi, ovaroli, gambuti, jaketi, skafu ya kuvaa kichwani (si ya kufunga shingoni, inanasa kwenye bembea), kofia, glovu mwisho. Ukimvalisha mtoto kwanza kisha ukaanza kutafuta funguo zako, anatoka nje tayari ana jasho.

Andika jina kila kitu. Glovu mbili pia, zote mbili.

#11 Ukhty_Leeds

Na jaketi hilo nene livuliwe kabla ya mkanda wa kiti cha gari. Kwenye ajali sponji inagandamizwa na mkanda unabaki umelegea. Jaribu: mfunge akiwa na jaketi, mtoe bila kugusa urefu wa mkanda, mvue, mrudishe. Ukiweza kufinya mkunjo wa mkanda begani kwa vidole viwili, ndiyo nafasi ambayo angerushwa nayo. Afungwe na sweta, halafu jaketi au khanga nzito ifunikwe juu ya mkanda.

#12 Mswahili_Halisi

Samahani kuwaingilia. Vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, tunalima vuli. Haya majani kudondoka mngesema mapukutiko.

#13 ShangaziKolni

Mkuu, kamusi zinakubali yote mawili, na huku kwetu ni mvua vilevile. Tuendelee. Saa zinarudi nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba: Ujerumani saa tisa usiku inakuwa saa nane, Uingereza saa nane inakuwa saa saba. Marekani wanangoja Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mtoto wa kuamka saa kumi na mbili ataamka saa kumi na moja, na hana habari na sheria.

Anza Jumatano. Kila siku sogeza mbele kwa dakika 15 usingizi wa mchana, chakula cha jioni, kuoga na kulala, VYOTE, si kulala peke yake. Jumamosi usiku anakuwa amechelewa saa nzima, Jumapili hesabu inajifuta. Mtoto akiwa mgumu tumia dakika 10 kwa siku sita. Asubuhi pazia zito na hakuna taa wala katuni kabla ya saa mnayoitaka, maana mwanga ndio unaopanga saa ya mwili.

#14 NesiTanga

Ngozi na mafua, kwa haraka.

Maji ya kuoga nyuzi 37, dakika 5 hadi 10, sabuni kwapani, makalioni na miguuni tu. Kausha kwa kubonyeza taulo, kisha mafuta ndani ya dakika chache ngozi ikiwa bado mbichi. Losheni ya maji haifai baridi ikianza, tumia krimu nzito au mafuta ya mgando. Mafuta ya zeituni kwa ngozi yenye ukurutu yanaichakaza zaidi. Na ukurutu kwenye ngozi nyeusi hauwi mwekundu kama picha za vipeperushi: tafuta zambarau, kijivu, weusi uliozidi, vipele vidogo vya kukwaruza. Daktari akisema "sioni wekundu", mpe mkono aguse.

Vitamini D. Kuanzia Oktoba hadi mwisho wa Machi jua la huku halina nguvu ya kuitengeneza mwilini, na ngozi yetu inahitaji jua zaidi. Uingereza mtoto wa mwaka 1 hadi 4 ni mikrogramu 10 kila siku mwaka mzima. Chini ya mwaka mmoja ni mikrogramu 8.5 hadi 10, isipokuwa anayekunywa zaidi ya mililita 500 za maziwa ya kopo. Mikrogramu 10 ni sawa na yuniti 400, soma kichupa chako kimeandikwa kwa kipimo gani na tone moja ni ngapi. Makosa hutokea hapo.

Chanjo ya mafua ya kupuliza puani ya Uingereza ina jelatini ya nguruwe. Wasioitaka waombe sindano, ipo isiyo na jelatini.

Kamasi: matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya. Asali hapana chini ya mwaka mmoja. Dawa za kuchua kifuani zenye menthol na kafuri hapana chini ya miaka 2, zinaweza kubana koo. Homa ya nyuzi 38 kwa mtoto wa chini ya miezi 3 ni hospitali siku hiyohiyo, haina majani ya mwarobaini.

#15 MpishiMvita

Maboga sasa. Lile la rangi ya chungwa kubwa la kuchonga uso lina maji mengi, ladha hamna. Boga la kukaribia la kwetu ni Hokkaido, dogo jekundu, ganda linaliwa, halimenywi.

Kabla ya kupika onja kipande kibichi kidogo. Kikiwa kichungu tema na tupa boga zima, uchungu huo ni sumu na moto hauiondoi. Vile viboga vya mapambo vya sokoni haviliwi kabisa, viwekwe juu ya kabati.

Boga la nazi: kilo 1 ya Hokkaido, toa mbegu, kata vipande vya kidole. Usitumbukize kwenye maji mengi, mililita 150 tu, funika dakika 8. Mimina kopo la tui la mililita 400 lililotikiswa, chumvi chembe, sukari vijiko 2, iliki 3 zilizopondwa, moto mdogo bila mfuniko dakika 7 hadi 10. Usikoroge, tikisa sufuria, Hokkaido inavunjika haraka kuliko boga letu. Tui likikatika moto ulikuwa mkubwa. Kwa mtoto chini ya mwaka toa chake kabla ya chumvi na sukari.

#16 MwalimuWaChekechea

Na njugu za njiani, zile za miti ya chestnut. Ile ya bustanini na kando ya barabara, Rosskastanie, ganda la kijani lenye miiba michache mifupi, njugu ya mviringo laini: ya kuchezea tu, ikiliwa inaumiza tumbo. Inayoliwa ganda lake lina miiba myembamba kama sindano, na njugu ina ncha yenye manyoya. Aliye chini ya miaka 3 asiachwe na yoyote, inatosha kuziba koo. Uyoga hakuna kuokota.

Majani ya kubandika: yaokotwe makavu, yalale siku 7 ndani ya magazeti chini ya vitabu vizito, badilisha gazeti siku ya pili. Msipobadilisha yanakuwa kahawia.

Halafu tarehe 11 Novemba, taa za karatasi ambazo watoto hubeba sikukuu ya Mtakatifu Martin. Msinunue. Puto moja lijazwe hadi ukubwa wa kichwa cha mtoto. Gundi ni uji: kikombe 1 cha unga wa ngano, 4 vya maji, koroga kwenye moto mpaka uwe mzito, uache upoe. Karatasi za rangi zinazopitisha mwanga zichanwe kwa mkono, vipande vya kiganja, kuchana kunalala vizuri kuliko kukata. Zibandike juu ya puto tabaka 4, juu karibu na mdomo tabaka 6 kwa sababu waya utavuta hapo. Mdomo uache wazi sentimita 10.

Likauke siku 2 chumba cha kawaida. Likiwekwa karibu na hita puto linavimba kwa joto na kupasua karatasi mbichi, usiku likipoa linasinyaa na kuvuta kuta ndani. Zaidi ya siku 3 bila kukauka uji unaota kuvu, kwa hiyo paka nyembamba. Puto lipasuliwe kwa sindano taratibu, na mabaki ya mpira uyaokote wewe, si mtoto.

#17 Mmakonde_Bonn

Mwalimu, ndani mshumaa au taa ya betri?

#18 MwalimuWaChekechea

Betri. Kijiti chenye taa ndogo, vingi vinatumia AA mbili. Waya wa taa uning'inie hadi katikati ya puto, ukikaa juu mwanga unaishia mdomoni na chini kunakuwa giza. Beba AA mbili za akiba mfukoni. Betri zikikaa kwenye baridi zinachoka mapema.